Radhi Kabla ya Maelezo

Mdogo wangu ana tabia moja chafu, na tangu utotoni nimemgombeza nayo mpaka koo likakauka: anavitemea mate viganja vyake. Si utovu wa adabu. Alikuwa kipa, na makipa ndivyo walivyo. Glavu ikikauka inateleza, ikilowa kidogo inashika mpira, kwa hiyo kabla ya kona au mpira wa adhabu utawaona, ptu, ptu, wanasugua, wanasimama tayari. Muulize kipa yeyote. Wangu alizitemea glavu zake tangu zilipokuwa soksi kuukuu nilizomshonea mwenyewe, akaendelea kuzitemea hadi ligi kuu, na huko mashabiki wakampa jina la Gundi, maana mpira ukishafika mikononi mwake haubanduki.

Mimi ni fundi cherehani. Mshono ukienda upande siwezi kunyamaza, hata kama nguo si yangu na mwenyewe ameshaivaa yuko barabarani. Basi nivumilieni, kwa sababu jambo hili lilikwenda upande mbele ya macho yangu, na waliokuwa na mkasi hawakutaka kulifumua.

Tulilelewa na mama peke yake, katika nyumba ya vyumba viwili yenye sheria nyingi kuliko viti. Sheria ya kwanza ilikuwa radhi kabla ya maelezo. Kikombe kikivunjika, mama hakuuliza nani. Ulianza wewe: "Nisamehe, mama," hata kama ulikuwa umejikalia tu pale kilipoanguka. Ukishasema hivyo, mama alivuta kigoda, akakaa, akakutazama usoni. "Haya, sasa nieleze." Na hapo alisikiliza kweli, jamani, si kusikiliza kwa kuzuga. Mara nyingi maelezo yalikuokoa. Alituambia anayeanza na maelezo anataka kushinda, anayeanza na radhi anataka kuelewana. Mimi sheria hiyo ilinishinda, mdomo wangu haukuumbwa hivyo. Mdogo wangu ilimwingia damuni. Ukimkanyaga mguu, anayesema samahani ni yeye. Mshambuliaji akimparamia langoni mpaka wote chini, Gundi ndiye wa kwanza kunyoosha mkono na kuomba radhi, na wenzake wakimcheka anasema, "Si ameumia lakini?"

Mama hakuwahi kwenda uwanjani. Alisema hawezi kukaa kwenye kiti akitazama watu wazima na ndevu zao wanampigia mwanawe mashuti. Mechi ikianza alizima redio, akafua. Sisi tulijua timu imecheza kwa kuona kamba ya nguo imejaa. Miaka yote hiyo Gundi alidaka, akasifiwa, akabebwa juujuu, na mama yake mzazi hajamwona akidaka hata mpira mmoja. Hakulalamika, ila lilimuuma, mimi najua.

Ndipo ukaja msimu wa mwisho. Magoti yalikuwa yameanza kudai haki yao, na Gundi akatangaza kwamba msimu ukiisha na yeye basi. Akaja nyumbani, akakaa karibu na mama. "Mama, mechi ya mwisho iko hapahapa kwetu. Njoo. Hii tu."

Mama akakunja nguo moja, akakunja ya pili. "Nitakuja," akasema. "Hata nikifumba macho, nitakuja."

Lo! Mtu mzima yule, mrefu kama mlango, akatoka nje kufuta machozi. Nikampima mama siku hiyohiyo, nikamshonea gauni la kijani, rangi ya timu, na mfuko ubavuni wa kuwekea leso, maana nilijua atalia.

Zilikuwa zimebaki mechi chache ilipotokea. Walicheza ugenini, jua kali na upepo wa vumbi. Mpira ukatoka nje kando ya lango la Gundi, mshika kibendera akaonyesha kona. Gundi akamfuata: "Mwamuzi, aliyeugusa mwisho ni yule." Mshika kibendera akatikisa kichwa. Gundi akakubali yaishe, akainua glavu, ptu, ptu, kama alivyofanya maisha yake yote, akageuka kurudi langoni. Kosa lake ni kutogeuka kwanza. Yule bwana akajifuta shavu, akapeperusha kibendera, akamwita mwamuzi wa kati. Kadi nyekundu. Kumtemea mwamuzi mate. Uwanja mzima ukazomea.

Sisemi mshika kibendera alidanganya. Picha ya televisheni nimeitazama mpaka nimeichoka, na kamera ilikuwa mgongoni kwa mdogo wangu: Gundi anainua mikono, anatema, yule bwana anaruka nyuma. Upepo ulikuwepo. Inawezekana tone lilimfikia, mate hayana breki. Lakini kuitemea glavu na kumtemea mtu ni mambo mawili mbalimbali, na ningetaka mtu mmoja tu mwenye mamlaka akae chini aulize ni lipi kati ya hayo mawili.

Akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Katibu wa klabu, mtu wa kuuma na kupuliza, alimsindikiza, na njiani akampa ushauri: "Nenda na unyenyekevu. Wale ni wazee wako." Ushauri huo kumpa Gundi ni kumfundisha samaki kuogelea. Alipomaliza alikuja moja kwa moja dukani kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja, uso unang'aa.

"Imekwenda vizuri, dada."

"Ulisemaje?"

"Waliniuliza kama nina la kusema. Nikasimama, nikasema wazee wangu, kwanza kabisa naomba radhi kwenu na kwa mwamuzi. Mwenyekiti akasema, 'Vizuri sana, kijana. Ungejua wangapi wanaingia hapa na kiburi.' Akaniambia nikae."

"Halafu?"

"Halafu wakanishukuru, nikatoka."

Nikasimamisha mashine. "Mambo ya glavu uliwaeleza saa ngapi?"

Akanitazama, na ule mng'ao usoni ukaanza kupungua. "Nilikuwa nasubiri waseme, 'Haya, sasa tueleze.'"

Hawakusema. Watasemaje? Hawakulelewa na mama yetu. Kesho yake uamuzi ukatangazwa: amefungiwa hadi mwisho wa msimu, kwa kuwa mchezaji mwenyewe amekiri na kuomba radhi. Amekiri! Nilitupa futi ya kupimia ikagonga ukuta wa pili. Watangazaji wa redio wakapata cha kutafuna wiki nzima, na wahuni wa mtaani wakaacha kumwita Gundi, wakamwita Mate. Mtu aliyejikwaa dole hupona. Huyu alijikwaa ulimi, tena kwa adabu.

Tukakata rufaa. Nina mteja wakili, mwanamke mdogo mdogo anayependa suti zenye mabega, naye alikubali kutusimamia. Akatueleza mapema kwamba adhabu haisimami kusubiri rufaa. Yaani unahukumiwa, unaanza kutumikia, halafu ndipo wanaangalia kama ulistahili. Ukishinda, wanakurudishia nini? Mechi zilizokwisha hazirudi, maji yakimwagika hayazoleki. Kikao kikapangwa, kikaahirishwa kwa sababu mjumbe mmoja yuko safarini na akidi haikutimia. Kikapangwa tena, kikaahirishwa tena. Mechi zinapita, mama anauliza, "Bado?" nami najibu, "Bado." Mwishowe tukaitwa Alhamisi. Mechi ya mwisho ilikuwa Jumamosi.

Asubuhi ya Alhamisi mama alitoka chumbani amevaa gauni la kijani.

"Mama, hilo ni la uwanjani."

"Kama huko hatutafika, acha lifike huku," akasema.

Ofisi za ligi ziko ghorofani, ukumbi mwembamba wenye picha za mabingwa ukutani na kiyoyozi kinachodondoshea maji kwenye ndoo. Tukakaa kwenye benchi. Akapita afisa wa nidhamu, yuleyule aliyeandika mashtaka, ameshika chupa ya chai, akafungua mlango wa chumba cha wajumbe bila kubisha hodi, akaingia. Tukasikia vijiko vinagonga vikombe. Tukasikia kicheko.

"Huyo si ndiye anayemshtaki?" mama akauliza.

"Ndiye. Kesi ya ngedere, mama, hakimu nyani."

"Punguza mdomo. Labda wanakunywa chai tu."

Labda. Lakini sisi chai hatukupewa, na benchi letu lilikuwa upande huu wa mlango.

Mwenyekiti wa kamati ya rufaa sikupata hata namna ya kumchukia vizuri. Mtu mpole, miwani imeshuka puani, alimpa mama kiti kabla ya kujipa mwenyewe. Wakili akatoa glavu kwenye mfuko, akaomba Gundi aonyeshe jinsi makipa wanavyofanya. Mwenyekiti akainua kiganja.

"Wakili, kamati hii haipokei ushahidi mpya. Kazi yetu ni kuangalia kama kamati ya kwanza ilikosea kwa yale yaliyokuwa mbele yake. Mbele yake kulikuwa na nini? Kulikuwa na radhi. Habari za glavu mbona hazikusemwa siku ile?"

"Hakupewa nafasi, mheshimiwa."

"Aliulizwa kama ana la kusema," afisa wa nidhamu akadakia, "naye akasema."

Wakili akabishana, tena kwa ustadi. Akasema mtu hawezi kuhesabiwa amekiri bila kuulizwa anakiri nini. Wajumbe wakanong'onezana. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta na tai yake, na nilivyomwona, alikuwa anatafuta njia ya kutusaidia. Haki yake nampa.

"Ipo njia moja," akasema. "Mchezaji atamke hapa mbele yetu kwamba radhi ile haikuwa ya kweli, aliitoa kwa kushauriwa na klabu. Akitamka hivyo, naweza kuifuta, shauri lirudi lisikilizwe upya, na adhabu isimame kuanzia leo."

Isimame kuanzia leo! Yaani Jumamosi yumo langoni, na mama yumo jukwaani na gauni lake. Wakili akamgusa kiwiko Gundi. "Sema. Ni sentensi moja tu." Na mimi moyoni: Sema, mdogo wangu, sema, nani anajali, katibu si alikushauri kweli?

Gundi akasimama. Akamtazama mwenyekiti, kisha akageuza shingo akamtazama mama, aliyekaa na mikono imefumbata leso.

"Radhi ilikuwa ya kweli, mheshimiwa," akasema. "Nilimwona yule bwana anajifuta uso. Hata kama ni tone, hata kama ni upepo, nilisikitika kwa ajili yake. Kumtemea ndiko sikumtemea."

"Kijana, nielewe. Mbele ya sheria hakuna radhi bila kosa."

"Kwetu ipo," mama akasema.

Alikuwa amesimama. Sote tukageuka. Afisa wa nidhamu akakunja uso, na mwenyekiti akasema kwa upole, "Mama, tafadhali, wewe si sehemu ya shauri hili."

"Nisamehe, mheshimiwa," mama akasema.

Kisha hakukaa. Alibaki amesimama na gauni lake la kijani, anamtazama mwenyekiti usoni, anasubiri. Nilijua anasubiri nini. Gundi naye alijua, maana aliinamisha kichwa. Mama alikuwa ameshaomba radhi, sasa anasubiri aambiwe haya, tueleze.

"Nimekusamehe, mama," mwenyekiti akasema. "Kaa."

Mama akakaa. Rufaa ikatupwa kabla ya saa ya chakula. Tulipokuwa tunatoka, yule afisa alimpiga Gundi begani na kumwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Wakili alinishika mkono, vinginevyo ningefungiwa na mimi.

Kwenye ngazi mama alisimama akashika ukuta. "Kwa nini hukusema walichotaka?"

"Ulikuwa umekaa pale, mama."

Hakumaanisha ubaya. Alikuwa anasema ukweli tu, kwamba hawezi kuikana radhi mbele ya aliyemfundisha. Lakini mama lilimpata hapa, kifuani. Alishuka ngazi zote, na tulipofika chini akasema, "Ningebaki nyumbani." Amelirudia hilo mara nyingi tangu siku ile, wakati mwingine bila mtu kumuuliza.

Jumamosi mama alifua. Alifua hata vilivyokuwa safi, akafua mapazia, akavua foronya za mito niliyolalia, mimi niliyekuja kumtembelea. Gundi alikaa mlangoni akimkamulia mashuka. Kelele za uwanja zilikuwa zinafika pale, na hakuna aliyezisemea. Kwenye lango la timu alisimama kipa wa akiba, na walifungwa, lakini sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Leo Gundi anafanya kazi kwenye gereji ya matairi. Hajakanyaga uwanja tena, hata kutazama. Kazi anaipenda, au anasema hivyo. Kilichobadilika ni kimoja: haombi radhi. Akikukanyaga anasema "pole". Akichelewa, "pole". Wifi yangu, mke wake, alinijia dukani akilia na kucheka kwa pamoja. "Wifi, mdogo wako amesahau kunichukua hospitali, nimekaa na dawa zangu mpaka wanafunga, anafika ananiambia pole! Kama vile aliyenisahau ni jirani!" Nilimwambia avumilie. Nilimwambia mume wake ndiye mtu aliyeomba radhi kuliko watu wote ninaowajua, sema aliibiwa yote siku moja.

Na ligi, eti wamerekebisha utaratibu. Siku hizi mchezaji akiingia tu anaulizwa kwanza, unakiri au unakataa, ndipo aongee. Wakili wangu aliniambia hayo siku alipokuja kupunguza sketi, kwa furaha, akidhani nitafurahi. Nikamuuliza, je, walimwita mdogo wangu wamwambie? Nikapunguza sketi.

Juzi nilikuwa nimemshonea ovaroli mpya, nikaenda kumpelekea gereji. Mama akasema tufuatane, anyooshe miguu. Tulipofika, lori la matairi lilikuwa limeegeshwa, kuli mmoja yuko juu anarusha, Gundi yuko chini anadaka. Mteja mmoja alikuwa amesimama mbele yake akisubiri gari lake. Gundi alikuwa amevaa glavu za kazi. Akaziinua kuelekea mdomoni, halafu akasita. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwona yule mteja. Akageuka mpaka akaelekea ukutani kabisa, mgongo kwetu sote, ptu, ptu, akasugua, akarudi. Tairi likaja kwa kasi. Akalidaka kifuani, safi, halikuteleza hata kidogo. Likaja la pili, naye akaruka upande, akalishika kwa mikono miwili hewani, magoti mabovu na yote.

Mama hakufumba macho. Alisimama pale kwenye mafuta na vumbi, anatazama, leso mkononi.

"Kumbe ndivyo ulivyokuwa unafanya," akasema.

Gundi akashtuka, akatuona. "Ndivyo, mama."

"Kabla ya kudaka."

"Kila mara, mama."

Mama akasogea karibu. Mteja akageuka kutazama, kuli wa juu ya lori naye akaacha kurusha. "Nisamehe, mwanangu," mama akasema, kisha akabaki anamtazama usoni, anasubiri.

Nilitaka Gundi aseme. Ni maneno matatu tu, ameyasikia tangu hajaota meno. Midomo yake ilifunguka, nikadhani yanakuja. Lakini alimtazama yule mteja, akamtazama kuli, akalikumbatia tairi lake na kumwinamia mama sikioni, kwa sauti ya chini kabisa.

"Mama, usiseme hivyo mbele za watu. Wataandika umekiri."